Ubia wa Mawe ya Msingi

Nchi ninayotaka kuisimulia haiko popote. Nimeitafuta kwenye ramani, nikaulizia mpaka kwa madereva wa malori, sikuipata. Kwa hiyo msomaji akikuta humu kiongozi anayefanana na kiongozi wake, ajue kwamba viongozi wengi wana tumbo, wengi wana miwani, na kufanana si kosa. Mimi mwenyewe nilikuwa Katibu wa Vikao wa Wilaya ya Ndagaza katika nchi hiyo isiyokuwepo, kwa miaka kumi na minne. Kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa kwa namna ambayo waliosema wasingeyakana. Naipenda kazi hiyo, na Serikali naipenda pia, na haya nayaeleza kwa upendo mtupu.

Mambo yalianza siku ulipotufikia waraka kutoka Wizara ya Urithi na Faida. Zamani iliitwa Wizara ya Urithi tu. Neno Faida liliongezwa pale Waziri, Mheshimiwa Dokta Magwesa, aliporudi kutoka semina ng'ambo. Waraka ulisema makumbusho yote nchini, hata yawe madogo kiasi gani, yajitafutie wabia wa biashara ndani ya siku tisini. Yatakayoshindwa yatafungwa, na vitu vyake vigawiwe shule zenye uhaba wa kuni.

Mheshimiwa Waziri alifafanua mwenyewe redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "historia yetu imekaa bure muda mrefu mno! Kwa wenzetu historia inafanya kazi, inaingiza, inaajiri. Ya kwetu imelala kabatini inakula vumbi la Serikali. Nasema mababu wamepumzika vya kutosha. Sasa ni zamu yao kuchangia pato la taifa!"

Nilipiga makofi peke yangu ofisini, mhudumu wa chai akachungulia kuona nimepatwa na nini.

*

Ndagaza tulikuwa na makumbusho, ingawa wenyeji wengi walidhani lile ni ghala. Hawakukosea sana. Yalikuwa vyumba viwili nyuma ya soko la nafaka, vilivyojengwa kuhifadhia pamba enzi za pamba. Ndani mlikuwa na mivukuto ya wafua chuma, vyungu, ngoma moja kubwa, na kitanda cha mfumi chenye kitambaa kilichofumwa nusu kwa sababu mfumaji alifariki kabla hajakimaliza. Na mlikuwa na daftari.

Daftari hilo ndilo lililoleta watu. Wakati wa mkoloni, wanaume wa bonde letu walikokotwa kwenda kupasua kilima cha Isunga ili barabara ipite. Karani mmoja akaandika majina yao kwa wino, mia tatu na manne, na mbele ya wengi akachora msalaba mdogo. Wale wa misalaba hawakurudi. Hawana makaburi, waliangukiwa na kifusi, na barabara ikapita juu yao. Kwa hiyo watu walitoka vijijini kwa miguu kuja kutazama ukurasa, na wasiojua kusoma, mhifadhi aliwashika kidole akakiweka penye jina la babu.

Mhifadhi aliitwa Bi Sikudhani Mtepa. Alikuwa mwembamba, msafi, na alizungumza kama mtu aliyezoea kuitwa mkaidi na akaona bora iwe hivyo. Shida yake ilikuwa moja tu: paa. Bati za ghala zilikuwa zimetoboka kiasi kwamba mchana hakuhitaji taa, na kila masika alihamisha daftari kutoka kona hadi kona akiwa na beseni mkono wa pili. Kwa miaka sita aliandika barua kuomba bati thelathini na mbili. Wizara haikumpuuza, la hasha. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili ilijibiwa kwa kuulizwa kama mvua inayolalamikiwa inaingilia juu au ubavuni. Ya tatu ilirudishwa ili iambatanishwe na sampuli ya mvua.

Aliomba basi angalau ruhusa ya kunakili majina kwenye daftari jipya. Akajibiwa kwamba nakala ni mshindani wa asili, itashusha thamani yake sokoni, na atakayenakili mali ya Taifa bila kibali atashtakiwa. Jibu hilo nililipitisha mimi. Liliandikwa vizuri sana.

*

Waraka ulipofika, Mkuu wa Wilaya, Bwana Sunguse, aliunda Kamati ya Fursa. Yeye mwenyekiti, mimi katibu, na Bi Sikudhani mwalikwa asiye na kura, kwa kuwa makumbusho yalikuwa yake.

"Bi Sikudhani," alianza Mkuu, "tueleze, una nini cha kuuza?"

"Sina cha kuuza, Mheshimiwa. Nina cha kutunza. Naomba bati thelathini na mbili na misumari. Masika yamebakiza miezi mitatu, na safari hii lile daftari halitapona."

"Katibu, andika kwamba mhifadhi ana mtazamo wa kizamani."

"Mheshimiwa, mimi ni wa makumbusho," akasema Bi Sikudhani.

Nilicheka, kisha nikaona Mkuu hacheki, nikakohoa.

Tulitunga kijitabu cha kuvutia wabia, chenye jalada la kung'aa na maneno WEKEZA JANA, UVUNE KESHO. Sura ya kwanza iliyaeleza makumbusho kuwa "eneo la kimkakati, lenye mwanga wa asili siku nzima na maji ya asili kwa msimu." Kitanda cha mfumi kilielezwa kuwa kiwanda cha nguo kilicho tayari kuendelezwa. Kuhusu daftari tuliandika kuwa ni kanzidata ya nguvukazi. Bi Sikudhani alipenyeza ukurasa mmoja wa kwake, "Fursa ya Kwanza: Paa," lakini Kamati ikauondoa kwa sababu mwekezaji hapendi kuanza na habari za kuvuja.

Wabia walikuja, tena kwa magari mazuri. Benki moja ilileta miavuli mia moja yenye nembo yake, na meneja akasema benki yao husimama na mteja wakati wote, hasa wa jua. Kampuni ya soda ilileta jokofu na kupaka rangi kuta zinazotazama barabara. Bi Sikudhani alipoomba wapande na juu, msimamizi wao akamjibu kwa heshima, "Mama, paa halionekani na wateja." Mtaalamu mwelekezi akaja na kutupeleka wajumbe wote kwenye hoteli ya wilaya nyingine kwa siku tatu tukajengewe uwezo. Mada ilikuwa "Kuitazama Mvua kwa Mtazamo Chanya." Chakula kilikuwa kizuri, siwezi kusema uongo.

Tuliporudi, Bi Sikudhani alikuwa amefungua miavuli saba ya benki na kuining'iniza darini juu ya daftari. Meneja alipopita akapiga picha, akaiweka kwenye kalenda.

*

Siku ya themanini na nane alikuja Mheshimiwa Waziri mwenyewe.

Maandalizi yalichukua wiki mbili. Tulifyeka nyasi, tukapaka chokaa mawe ya njiani na miguu ya mbuzi mmoja aliyekataa kuondoka. Turubai lenye mashada lilifungwa ili Mheshimiwa asipigwe na jua. Kikundi cha ngoma kilianza kucheza saa mbili asubuhi, yeye akafika saa nane mchana, na waliokuwa bado wamesimama waliendelea.

Katikati ya uwanja, mbele ya mlango wa makumbusho, palikuwa na nguzo fupi ya matofali iliyofunikwa pazia. Mheshimiwa alivuta kamba, pazia likaanguka, kikatokea kibao cha marumaru chenye herufi za dhahabu: Jiwe hili la msingi la Kituo cha Kimataifa cha Ubia wa Urithi limewekwa na Mheshimiwa Dokta B. K. Magwesa.

"Ghorofa saba!" alitangaza. "Lifti nne! Na wasije wapinzani kusema kwamba hili ni jiwe. Hili si jiwe, ndugu zangu. Hili ni jengo ambalo tayari limeanza!"

Bi Sikudhani alinyoosha mkono. Nilimfanyia ishara aushushe, hakunitazama.

"Shikamoo Mheshimiwa. Tunashukuru kwa ghorofa. Naomba kuulizia paa."

Mheshimiwa alitabasamu kwa huruma ya msomi.

"Mama yangu, utaulizaje paa kabla ya ghorofa ya saba? Muulize fundi yeyote hapa. Paa huwekwa mwisho!"

Uwanja mzima ulipiga makofi, maana kiufundi jambo lile lilikuwa kweli.

Siku mbili baadaye, manyunyu ya kwanza yalianza. Nilimkuta Mkuu wa Wilaya uwanjani anakimbia na shati la kulalia, amekumbatia nailoni, nyuma yake mgambo wanne wamebeba bati. Lazima niieleze sababu. Nchi ile ina Sheria ya Heshima ya Mawe. Jiwe lolote lenye jina la kiongozi halinyeshewi, halikwaruzwi, haliguswi, halifutwi wala kuongezewa kitu isipokuwa na fundi mwenye kibali cha Wizara. Anayekosea ni miaka saba. Mwaka uliotangulia, kuku wa wilaya ya jirani alikaa juu ya jiwe la msingi la uwanja wa ndege akafanya haja yake, na Mkuu wa Wilaya ile akahamishiwa kituo ambacho hata barua hazifiki.

Kabla ya chai, jiwe la Mheshimiwa lilikuwa na paa lake. Bi Sikudhani alitoka mlangoni na beseni, akaitazama ile kazi kwa muda mrefu.

"Bwana Mkuu," akauliza, "hizi bati zimeombwa kwa barua ipi?"

"Hii ni dharura, Bi Sikudhani!"

"Aa," akasema. Akarudi ndani, akaweka beseni chini. Aliniomba karatasi.

*

Andiko lake lilikuwa la ukurasa mmoja, na mpaka leo sijaona andiko la ubia lenye akili kama lile. Lilisema hivi: Wilaya ya Ndagaza ina mawe ya msingi kumi na tisa, pamoja na hili jipya. Kumi na nane yametapakaa porini bila paa. Jiwe la Hospitali ya Rufaa linaanikiwa mihogo. Jiwe la Chuo Kikuu wachungaji wananolea mapanga. Jiwe la Daraja liko mtoni, na akina mama wanafulia juu yake, tena upande wenye jina. Makumbusho yako tayari kuyapokea mawe yote, kuyasimamisha ndani na kuyatunza daima, mradi Serikali iweke bati.

Bwana Sunguse aliusoma ule ukurasa mara tatu. Mara ya kwanza jasho lilimtoka, kwa ajili ya miaka saba mara kumi na nane. Mara ya tatu alianza kutabasamu.

"Katibu," aliniambia, "unajua tabu ya jiwe la msingi? Likiwa porini, watu wanalipita, wanalisoma, halafu wanauliza hospitali iko wapi. Likiwa makumbusho nani atauliza? Kitu cha makumbusho ni kitu kilichopita!"

"Kwa hiyo hospitali itakuwa imepita, Mheshimiwa?"

"Itakuwa historia, Katibu. Historia haidaiwi."

Wizara, iliyochukua miaka sita kutafakari bati thelathini na mbili, iliidhinisha mia moja kwa siku tisa. Ndagaza haikuwahi kuona paa kama lile. Lilikuwa la buluu, na mabomba ya kukingia maji pande zote mbili. Mawe yalibomolewa kutoka kwenye nguzo zake, yakaletwa na trekta yakiwa yamelazwa juu ya magodoro. Siku lilipopigiliwa bati la mwisho mvua ilishuka kubwa, na Bi Sikudhani alisimama katikati ya chumba, mikono mitupu, anasikiliza. Hapakudondoka hata tone. Alilia, nami nililengwalengwa na machozi, maana nilidhani mambo yamekwisha vizuri.

*

Mafanikio yalikuwa makubwa kuliko tulivyotegemea. Wageni walikuja wakasoma vibao, wakaguswa. Nakumbuka mwalimu mmoja kutoka mkoa wa mbali aliyesimama mbele ya jiwe la Hospitali ya Rufaa akitikisa kichwa.

"Jamani, mlikuwa na hospitali kubwa namna hii! Ilibomolewa na nini, vita?"

"Ni historia ndefu," alijibu mwongoza wageni aliyeajiriwa na Wizara.

Mwaka ule taarifa ya Serikali iliitaja Ndagaza kuwa wilaya yenye historia ndefu ya vyuo vikuu. Wakandarasi waliingia ubia. Kampuni moja ya ujenzi, ambayo haikuwahi kujenga chochote, ilidhamini taa za kumulika mawe. Jokofu la soda liliwekwa kati ya Daraja na Uwanja wa Michezo. Wageni walipigwa picha wameshika koleo la fedha karibu na jiwe walipendalo, wakijifanya waweka msingi, na wengine walirudi mara mbili.

Ndipo akaja Ofisa Itifaki kutoka Wizarani, na futi kamba.

Alipima vyumba vyote viwili, vilivyojaa mawe, kwa siku nzima. Kisha akaisomea Kamati matokeo. Kila jiwe la kiongozi linastahili hatua tatu za nafasi mbele na hatua moja nyuma. Hakuna kitu kinachoruhusiwa kusimama juu kuliko jiwe la kiongozi. Kitanda cha mfumi kilizidi kwa shubiri mbili. Ngoma ilizidi kwa unene. Vyungu na mivukuto havikuzidi, ila vilileta taswira ya umaskini.

"Na daftari?" aliuliza Bi Sikudhani. "Daftari halina urefu. Naweza kuliweka hata sakafuni."

Ofisa Itifaki alivua miwani.

"Daftari ni tatizo zito zaidi, mama. Hayo ni majina ya vibarua. Jina la kiongozi halikai chumba kimoja na majina ya vibarua. Ingekuwa kama vile wamefanya kazi pamoja."

Kamati iliazimia, na mimi niliandika, kwamba vitu vya zamani vihamishiwe kwenye Bustani ya Historia. Bustani ya Historia ilikuwa ni nje. Bi Sikudhani aliomba kulipeleka daftari nyumbani kwake. Akaambiwa kuondoa mali ya Taifa ni wizi. Aliomba tena kunakili. Nikamsomea jibu letu la zamani, maana lilikuwa bado linatumika. Alinitazama. Hakunitukana, na ningependa angenitukana.

"Sawa, Katibu," alisema. "Basi nipe kibali kimoja tu. Mawe yamechubuka kwa safari ya trekta. Yanataka fundi wa kurekebisha maandishi."

Ombi hilo lilikuwa la kizalendo. Tulilipitisha bila mjadala, na Wizara ikatia muhuri wiki hiyo hiyo. Kibali kilisema: fundi anaruhusiwa kuchonga na kupaka dhahabu maandishi ya mawe yote, kadiri itakavyohitajika.

Fundi mwenyewe aliitwa Ligendo, na ndiye aliyechonga mawe yote ya wilaya tangu ujana wake. Naweza kusema alikuwa mtu pekee Ndagaza ambaye kila mradi ulipita mikononi mwake ukakamilika. Aliingia na patasi na nyundo yake ya mbao, wakafunga mlango yeye na Bi Sikudhani. Asubuhi za kwanza nilimwona mama yule akipita Bustanini, akichukua daftari chini ya kanga, akiingia nalo ndani, na jioni akilirudisha juu ya meza yake ya nje chini ya mwavuli wa benki. Nilijiambia analipangusa vumbi. Mle ndani tulisikia nyundo inagonga na sauti yake inasoma kitu polepole, na Mkuu akasema huo ndio uchapakazi.

Wiki ya saba ya kazi hiyo upepo ulikuja na mvua ya mawe. Mwavuli wa benki uliondoka, haukuonekana tena. Nilipofika asubuhi, daftari lilikuwa limevimba, wino umechuruzika wote hadi kwenye miguu ya meza. Nilifunua ukurasa mmoja, wa pili, wa kumi. Palikuwa na madoa ya buluu tu. Kitambaa cha mfumaji kilikuwa kinatiririka matope. Niliona aibu, naliandika neno hilo kama lilivyo. Ile sahihi ya jibu ilikuwa yangu.

Bi Sikudhani alikuja, akalifunga daftari taratibu, akalifunika kwa kanga yake.

"Pole sana, Bi Sikudhani," nilisema.

"Nishapoa," akanijibu, akaingia ndani kwenye nyundo.

*

Baada ya miezi miwili Mkuu wa Wilaya aliletewa taarifa ya kutatanisha. Wageni wa kutoka bondeni walikuwa wameanza tena kuja, kwa miguu, wengi, na hawasomi mawe. Wanapita mbele bila kutazama, wanaingia ile hatua moja ya nyuma, ukutani, na wanakaa huko.

Tulikwenda Kamati nzima. Bwana Sunguse alijipenyeza nyuma ya jiwe la Hospitali ya Rufaa, tumbo likikwangua ukuta. Kisha akasema, "Mungu wangu."

Niliingia upande wa pili. Mgongo wa marumaru ulikuwa umechongwa majina kumi na sita kwa herufi safi za Ligendo, zilizopakwa dhahabu juu ya mistari ya chaki ambayo, nilielewa sasa, aliichora yote kabla ya ile mvua. Mbele ya tisa palikuwa na msalaba mdogo. Jiwe la Chuo Kikuu, kumi na sita. Daraja, kumi na sita. Na mgongoni mwa Mheshimiwa Dokta Magwesa mwenyewe, kumi na sita, saba wakiwa na misalaba.

"Futa!" Mkuu alimgeukia Ligendo. "Futa yote leo hii!"

"Nikwaruze jiwe lenye jina la Mheshimiwa?" Ligendo alishtuka kweli. "Kibali changu ni cha kuchonga, mzee. Cha kufuta sina. Wewe unacho?"

"Basi tuyapige lipu! Saruji tu, hapa nyuma!"

"Kifungu cha nne," nilisema. "Kuongezea kitu. Miaka saba."

"Tuyasukume yagusane na ukuta!"

"Itifaki ya hatua moja nyuma, Mheshimiwa. Na kuyagusa pia ni miaka saba."

"Tuombe kibali Wizarani!"

"Itabidi tueleze ni cha nini," alisema Bi Sikudhani. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja. "Tuandike kwamba mgongo wa Mheshimiwa Waziri umeandikwa vibarua. Katibu ana mwandiko mzuri."

Bwana Sunguse aliliacha wazo la kibali. Nadhani alikiona kile kituo ambacho barua hazifiki.

Wakati huo huo aliingia bibi mmoja na bakora, miguu imejaa vumbi la Isunga. Alikuwa mtu wa miaka themanini na ushee. Alitusalimia kwa jumla, tukaitikia bila akili. Kisha akamuuliza Bi Sikudhani jambo kwa sauti ndogo, na Bi Sikudhani akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jiwe la Mheshimiwa Waziri. Tulimwona anakishika kidole cha yule bibi, anakiweka kwenye mstari wa nne. Pale pana msalaba.

Mgambo wa zamu alikurupuka.

"Bibi! Hairuhusiwi kushika jiwe!"

Bibi hakuondoa kidole.

"Mimi sijashika jiwe, mwanangu," alisema. "Namsalimia baba."

Mgambo alimtazama Mkuu wa Wilaya. Mkuu wa Wilaya akanitazama mimi.

"Katibu. Sheria inasemaje?"

Nilitoa Sheria ya Heshima ya Mawe mfukoni, nikavaa miwani. Ina kurasa kumi na moja. Nilizisoma zote mstari kwa mstari, nikarudia na viambatisho, polepole kuliko ilivyohitajika, na kule nyuma bibi alikuwa anaendelea kuzungumza kwa sauti ya chini, anataja watu, anaeleza nani amezaliwa na nani ametangulia. Aliponyamaza nikafunga kitabu. Nikamwambia Mkuu wa Wilaya kwamba sheria haisemi chochote kuhusu watu kusalimiana.